UZI: "Hawako tayari kwa chuo." Nani amepima, na amepima na nini?

Hii ni hotuba niliyoandaa kwa kikao chetu cha mjadala, sisi wanafunzi wa sayansi ya siasa. Nimeikata vipande ili isomeke hapa. Sheria za uzi huu mnazijua: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunachambua hoja peke yake. Ukija kupiga kampeni kwa maoni, utaachwa ukijijibu mwenyewe.

1/
Kila matokeo ya KCSE yakitangazwa, kuna sentensi moja haikosi jukwaani: "Watoto wanaomaliza shule ya upili hawako tayari kwa chuo." Mmoja anaisema ili alama za kujiunga zipandishwe. Mwingine anaisema ili walimu wa sekondari wabebe lawama. Wa tatu anaisema ili bajeti ya vyuo ipunguzwe, maana, ati, kwa nini tulipie mtu ambaye hataweza? Sentensi ni moja, malengo ni matatu.

Mimi leo nauliza kitu kimoja tu. Huo "utayari" ulipimwa na nini? Na kipimo kikikosea, nani analipa?

2/
Twende Marekani kwanza. Si kwa sababu kila kitu cha huko ni kizuri. Ni kwa sababu huko wamebishana juu ya swali hili kwa miaka mingi, wakatunga sheria, wakabadilisha mitihani, na wakahesabu matokeo. Pia, hapa kwetu watu hupenda kutaja vyuo vya jamii vya Marekani kama mfano wa kuigwa, bila kueleza vinafanyaje kazi.

Chuo cha jamii ni chuo cha umma, cha karibu na nyumbani, karo yake ni nafuu kuliko ya chuo kikuu, na kozi zake kwa kawaida ni za miaka miwili. Unaweza kusomea uuguzi, umeme, uhasibu, au ukamaliza nusu ya kwanza ya digrii halafu ukahamia chuo kikuu. Cha zamani zaidi kati ya vile vya umma ni Joliet, jimbo la Illinois, kilichoanza mwaka 1901. Leo viko karibu elfu moja nchini kote.

Sifa yao kubwa ni mlango wazi. Ukiwa na cheti cha shule ya upili, au kinacholingana nacho, unaingia. Hakuna mambo ya C+ wala C-.

3/
Sasa sikieni vizuri. Mlango wa nje uko wazi, lakini ndani kuna mlango wa pili.

Kwa miaka mingi, ukishasajiliwa ulikuwa unakalishwa mbele ya kompyuta kufanya mtihani wa kupangiwa darasa: hesabu, kusoma, kuandika. Mitihani iliyojulikana zaidi ni Accuplacer na Compass. Si mtihani wa kukuingiza chuoni, tayari uko ndani. Ni wa kuamua unaanzia wapi. Ukifika alama fulani, unaanza masomo ya chuo. Usipofika, unapelekwa kozi za maandalizi, yaani unarudia hesabu au kiingereza cha sekondari kabla hujaguswa na somo la chuo lenyewe.

Wanafunzi wengi waliingia kwa huo mtihani bila kujiandaa. Waliambiwa ni wa kupangwa tu. Hawakujua kwamba asubuhi moja inaweza kuwaongezea mwaka mzima.

4/
Kozi za maandalizi zilikuwa na shida mbili. Ya kwanza, unazilipia lakini hazihesabiwi kwenye diploma yako wala digrii yako. Ya pili, zilikuwa ngazi. Mtu wa hesabu aliyepata alama za chini kabisa aliweza kupangiwa kozi tatu, moja baada ya nyingine, kabla ya kufika hesabu ya chuo.

Hebu tupige hesabu ya mfano, namba ni zangu za kuelezea tu. Wanafunzi 100 wanaanza ngazi ya kwanza. Tuseme kila ngazi, wanane kati ya kumi wanafaulu, na kati ya waliofaulu, wanane kati ya kumi wanarudi muhula unaofuata. Hizo ni namba nzuri, si ndiyo? Wanafaulu 80. Wanarudi 64. Wanafaulu 51. Wanarudi 41. Wanafaulu 33.

Hakuna mahali darasa lilifanya vibaya. Lakini theluthi mbili wamepotea njiani na bado hakuna aliyekanyaga somo la chuo. Mwingine alipata kazi ya usiku, mwingine mtoto aliugua, mwingine alichoka kulipia kitu ambacho hakihesabiwi. Kila ngazi inaongeza nafasi ya maisha kuingilia kati.

Na ukweli haukuwa mbali na mfano huo. Mwaka 2010, watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walichapisha uchambuzi wa wanafunzi wa vyuo vya jamii waliopelekwa kozi za maandalizi. Waliomaliza ngazi zote walikuwa kati ya asilimia 33 na 46, kutegemea somo. Karibu asilimia 30 hawakujisajili hata kwa kozi moja kati ya hizo. Waliambiwa "anza chini," wakaenda zao.

5/
Hapa ndipo ningetaka mshike. Kipimo chochote cha utayari kinaweza kukosea kwa njia mbili.

Kosa la kwanza: mtu hayuko tayari, lakini amepelekwa mbele. Anafeli. Kosa hili linaonekana na kila mtu. Liko kwenye karatasi ya matokeo, mwalimu analalamika, gazeti linaandika, mwanasiasa anapata hotuba.

Kosa la pili: mtu yuko tayari, lakini ameambiwa arudi chini. Anakata tamaa, anaondoka. Kosa hili halionekani na mtu yeyote. Hakuna gazeti litaandika "kijana fulani angefaulu hesabu lakini hakupewa nafasi." Kibaya zaidi, kuondoka kwake kunahesabiwa kama ushahidi kwamba mtihani ulikuwa sawa! "Mnaona? Tulisema hayuko tayari."

Kipimo kinachokosea upande wa pili kinajisifu kwa makosa yake yenyewe.

6/
Sasa, ni kosa gani lilikuwa likitokea zaidi? Watafiti wa taasisi hiyo hiyo ya Columbia walichukua alama za mitihani ya kupanga madarasa, rekodi za shule ya upili na matokeo ya chuoni, wakakadiria. Hesabu yao: mmoja kati ya wanne kwenye hesabu, na mmoja kati ya watatu kwenye kiingereza, alikuwa amepangwa mahali pabaya kabisa. Na waliorudishwa chini bila sababu walikuwa wengi kuliko waliopelekwa mbele kabla ya wakati.

Waligundua pia kwamba alama za shule ya upili, zile za muda mrefu, zilitabiri mafanikio ya chuo vizuri kuliko mtihani wa asubuhi moja. Ukifikiria, si ajabu. Alama za miaka minne zimebeba ndani yake kuhudhuria, kumaliza kazi, kuanguka muhula mmoja na kuinuka muhula unaofuata. Chuo kinahitaji hayo yote. Mtihani wa kompyuta unashika kile unachokumbuka leo.

Kampuni ya ACT, iliyokuwa ikiuza Compass, iliuondoa mtihani huo sokoni mwaka 2016.

7/
Halafu ikawa siasa. Angalieni majimbo mawili.

Florida, mwaka 2013, walipitisha sheria kwamba wengi wa waliomaliza shule za upili za umma za jimbo hilo hawalazimiki tena kufanya mtihani wa kupangwa wala kusoma kozi za maandalizi. Mwanafunzi anashauriwa, kisha anachagua mwenyewe.

California, yenye vyuo vya jamii zaidi ya 110, walipitisha sheria mwaka 2017 iitwayo AB 705. Hii ilienda njia nyingine. Ilisema chuo kitumie rekodi za shule ya upili, na kisimpeleke mwanafunzi kozi za maandalizi isipokuwa kionyeshe kwamba uwezekano wake wa kufaulu somo la chuo ni mdogo sana, na kwamba hizo kozi zitamsaidia zaidi.

Mmeona kilichobadilika? Zamani mwanafunzi ndiye alibeba mzigo wa kuthibitisha kwamba anaweza. Sasa chuo ndicho kinabeba mzigo wa kuthibitisha kwamba hawezi. Kwa sisi wa sayansi ya siasa hilo ndilo jambo kubwa kuliko mtihani wenyewe. Mtihani ni chombo. Mzigo wa ushahidi ni madaraka.

8/
Je, ilifaulu? Hapa msikubali mtu awape jibu la neno moja.

California, wanafunzi waliomaliza hesabu au kiingereza cha chuo ndani ya mwaka wa kwanza waliongezeka sana. Wakati huo huo, ndani ya madarasa yenyewe, asilimia ya wanaofaulu ilishuka, na walimu wengi walilalamika kwamba wamejaziwa wanafunzi wenye mapengo bila kusaidiwa.

Hayo mawili yanawezekanaje pamoja? Tena mfano wa kubuni. Zamani kati ya 100, waliruhusiwa 30 na wakafaulu 24. Hiyo ni asilimia 80. Sasa wanaruhusiwa 90 na wanafaulu 54. Hiyo ni asilimia 60. Mpinzani wa sheria atasimama aseme: "Ufaulu umeporomoka kutoka 80 hadi 60!" Mtetezi atasimama aseme: "Waliofaulu wametoka 24 hadi 54!" Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja ameficha nusu.

Na tusiwe wepesi kusahau wale wengine. Waliofeli wametoka 6 hadi 36. Hao ni watu. Wengine wametumia msaada wa karo, wamebaki na F. Ukiunga mkono sheria kama hiyo, lazima uwe na jibu kwa hao 36.

9/
Jibu mojawapo lilitoka vyuoni, si bungeni. Chuo cha jamii cha Kaunti ya Baltimore kilianza mwaka 2007 kuwaweka wanafunzi wa "maandalizi" moja kwa moja kwenye kiingereza cha chuo, pamoja na darasa dogo la ziada la mwalimu yule yule, muhula ule ule. Husomi mapengo kwanza halafu chuo baadaye. Unasoma vyote pamoja.

Jingine ni la Chuo Kikuu cha Jiji la New York, CUNY, mwaka 2013. Walichukua wanafunzi 907 wa vyuo vya jamii, wote walioambiwa wanahitaji aljebra ya maandalizi, wakawagawa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilisoma aljebra ile ile ya maandalizi. Kundi jingine lilipelekwa takwimu za kiwango cha chuo, pamoja na warsha ya ziada kila wiki. Kwenye aljebra walifaulu asilimia 39. Kwenye takwimu, asilimia 56.

Yaani watu wale wale "wasio tayari" walifanya vizuri zaidi kwenye somo la juu. Kwa sababu swali halikuulizwa kamili. Tayari kwa nini? Anayesomea kazi za jamii anahitaji kusoma jedwali la takwimu kuliko kutafuta thamani ya x. Anayesomea uhandisi, huyo aljebra haimwachi. Utayari bila kutaja kozi ni maneno matupu.

10/
Kabla mtu hajasema "basi tutupe mitihani yote," subirini. Alama za darasani nazo zinafura. ACT walichapisha mwaka 2022 kwamba wastani wa alama za shule za upili Marekani ulipanda kwa zaidi ya miaka kumi, huku matokeo ya mtihani wao hayakupanda. Ndiyo, ACT wanauza mitihani, wana maslahi yao, kumbukeni hilo. Lakini kuwa na maslahi si sawa na kusema uongo.

Pia kuna watu ambao alama hazipo. Mama wa miaka 40 anayerudi shule. Mkenya aliyehamia Minnesota na cheti chake cha KCSE, hana rekodi ya miaka minne ya shule ya huko. Kwa hao, mtihani mzuri au mahojiano yanaweza kuwa mlango, si ukuta. Ndiyo maana vyuo vingi sasa vinachanganya vipimo kadhaa, na kimoja kikikuangusha kingine kinaweza kukuinua.

11/
Sasa turudi nyumbani.

Sisi hatuna mlango wazi halafu mlango wa pili. Tuna kipimo kimoja mlangoni. KCSE: C+ digrii, C- diploma, D cheti, na chini ya hapo kozi za ufundi za ngazi ya kwanza. KUCCPS inapanga kulingana na hapo. Mwaka 2024, takriban robo ya watahiniwa walipata C+ na zaidi. Hao wengine, robo tatu, jukwaani huitwa "waliofeli." Halafu mwanasiasa yule yule anageuka kusema vyuo vya kiufundi ndio mustakabali wa taifa. Huwezi kumwita mtu takataka saa nne asubuhi, na saa sita umwite injini ya uchumi.

Tuwe waungwana kwa KCSE: si mtihani wa saa moja. Ni wiki kadhaa, masomo saba au zaidi, na unasahihishwa nje ya shule. Wakenya wengi wanauamini kwa sababu hiyo hasa: mwalimu wako hawezi kukuonea wala kukupendelea. Hilo si jambo dogo.

Lakini alama si hali ya hewa. Ni uamuzi wa sera. Kuanzia KCSE ya 2023, wastani unahesabiwa kwa hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano uliyofanya vizuri zaidi. Awali masomo ya lazima kwenye hesabu hiyo yalikuwa mengi zaidi. Waliopata C+ na zaidi walikuwa 173,345 mwaka 2022, na 201,133 mwaka 2023. Watahiniwa pia waliongezeka, kwa hivyo msiseme ni sheria peke yake. Lakini fikirieni mtoto mmoja, majibu yale yale, kalamu ile ile. Kwa kanuni moja anaweza kuwa C, kwa nyingine C+. Je, utayari wake umebadilika?

12/
Na CBE inakuja na mchanganyiko wetu wenyewe. Kundi la kwanza limeingia Gredi ya 10 Januari 2026, likipangwa kwa asilimia 60 ya mtihani wa mwisho wa sekondari ya msingi, asilimia 20 ya tathmini ya shuleni, na asilimia 20 ya mtihani wa Gredi ya 6. Hiyo ni hatua kubwa kutoka kipimo kimoja.

Shida yake nayo mnaijua. Mradi wa mtoto mmoja umefanywa na mzazi mwenye printa. Mradi wa mwingine umefanywa shule isiyo na stima. Alama za darasani ni nzuri pale tu tunapoweza kuziamini, na kuziamini kunataka walimu wa kutosha, wakaguzi, na kulinganisha shule kwa shule. Hiyo ni pesa. Mwanasiasa anayesifu tathmini ya shuleni halafu anakata bajeti ya walimu anajipinga mwenyewe.

Hao watoto watafika mlango wa chuo baada ya kumaliza Gredi ya 12 mwaka 2028. Kanuni za mlango huo ni za kubishaniwa sasa, si siku ya matokeo.

13/
Kwa hivyo, mtu akisimama kwa mdahalo aseme "vijana hawako tayari," msimzomee. Mwulizeni maswali haya:

Moja. Tayari kwa kozi gani? Ufundi bomba, uuguzi na sheria si kitu kimoja.

Mbili. Kipimo chako kimewahi kulinganishwa na matokeo ya chuoni? Wenye D waliojiunga na vyuo vya kiufundi walimaliza wangapi? Wenye C- je? Kama namba zipo, zichapishwe. Bila hizo, alama ya kukata ni desturi tu.

Tatu. Kipimo kikikosea, kinakosea upande gani, na nani anabeba hasara?

Nne. Chuo kimeandaa nini kwa wale ambao wako karibu kuwa tayari? Kama jibu ni "warudi nyumbani," basi tunajua tayari nani anabeba.

14/
Namalizia. Kule Marekani kosa lilikaa miaka mingi kwa sababu walioumizwa nalo waliondoka kimya kimya, na aliyeondoka hapigi kelele. Walipohesabiwa tu ndipo sheria ikabadilika. Hapa kwetu pia wako: aliyepata D+ kwa shule isiyo na mwalimu wa hisabati kwa miaka miwili, akaambiwa huo ndio uwezo wake, akaamini. Hayuko kwenye mdahalo wowote wa televisheni. Tukianza kumhesabu, hoja nyingi za jukwaani zitabidi ziandikwe upya.

Maswali karibu, na mnaopinga, leteni namba.